Kutoa Kisichopungua: Adabu ya Kugawana Mafaili na Haki ya Mpokeaji

Zawadi ya kawaida humpunguzia mtoaji. Anayempa jirani debe la mahindi hubaki na debe moja pungufu, na dini na falsafa nyingi zimeupima ukarimu kwa upungufu huo. Faili la kompyuta halina tabia hiyo. Mtu akinakili mawaidha, wimbo au kitabu kwenye flashi ya mwenzake, nakala yake inabaki ilipokuwa, na anaweza kuigawa mara mia bila kupungukiwa hata herufi. Ikiwa mtoaji hapotezi kitu, ukarimu wake uko wapi? Na mpokeaji anaweza kudai nini juu ya kitu alichopewa bure?

Wilaya za Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, zinafaa kulichunguzia swali hili, kwa sababu huko, kabla ya intaneti ya kasi, faili lilikuwa na uzito wa kweli. (Wilaya hizo wakati huo zilikuwa kubwa kuliko zilivyo sasa, Ubungo na Kigamboni zilikuwa hazijamegwa.) Kabla ya mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM kutua Dar es Salaam Julai 2009, intaneti ya jiji ilipita zaidi kwenye setilaiti, ghali na taratibu. Wakazi wengi wa Sinza, Manzese, Tandika na Mbagala hawakuwa na kompyuta nyumbani. Walikwenda intaneti kafe, wakalipia nusu saa au saa nzima, wakafungua barua pepe huku jicho moja liko kwenye muda unaokwisha pembeni mwa skrini.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito huo. Kafe ina laini ya kilobiti 64 kwa sekunde, na kompyuta 10 zinaigawana. Picha ya harusi yenye megabaiti 1 ingepita kwa dakika 2 hivi kama ingekuwa peke yake. Wateja wote wakiwa kazini, inahitaji zaidi ya dakika 20. Ikiwa imetumwa kama kiambatisho cha barua pepe huongezeka theluthi nzima, maana barua pepe iliundwa ibebe maandishi matupu na picha sharti igeuzwe herufi kwanza. Sasa ni karibu dakika 28. Kwa bei ya shilingi 500 kwa saa, mpokeaji amelipa zaidi ya shilingi 200 kwa picha moja ambayo pengine hakuiomba, wakati mjomba aliyeituma kutoka Reading au Houston amebofya mara moja na kwenda kulala. Zawadi haikumgharimu mtoaji, imemgharimu aliyepewa.

Mwongozo wa adabu za mtandao uliotungwa na Sally Hambridge wa kampuni ya Intel, ukatolewa Oktoba 1995 kwa namba RFC 1855, uliliona jambo hili mapema. Ulieleza kwamba gharama ya barua pepe, tofauti na ile ya posta au simu, kwa wastani hubebwa karibu sawasawa na anayetuma na anayepokea, na ukashauri faili la kutuma lisizidi kilobaiti 50. Ushauri ulikuwa mzuri. Ule usawa, hata hivyo, ulikuwa wa watu wenye laini zinazolingana, na kati ya ofisi ya California na kafe ya Tandika hapakuwa na mlingano wowote.

Madaktari walilijua hilo kabla ya wengine. Shirika la SatelLife la Boston, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, liliendesha mtandao wa HealthNet uliounganisha hospitali na vyuo vya tiba barani Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za awali. Mtandao huo ulitegemea setilaiti ndogo iliyopita angani mara chache kwa siku na kuonekana kwa dakika chache tu kila ipitapo. Ujumbe ulikusanywa, ukasubiri, ukarushwa kwa mkupuo. Baadaye shirika hilohilo lilianzisha huduma ya kumletea mtu ukurasa wa intaneti kwa barua pepe, picha zikiwa zimeondolewa na maandishi yamebaki. Aliyesimamia huduma ya namna hiyo alijiuliza kwanza mpokeaji ana nini mkononi, kisha ndipo akaamua atume nini.

Swali hilo ni la kale katika sheria ya Kiislamu, ingawa waliolijadili hawakuwa na kompyuta akilini. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, hiba, yaani zawadi, haimilikiki mpaka mpokeaji aishike kwa idhini ya mtoaji. Ndivyo inavyofundishwa katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho wanachuoni wa Lamu, Zanzibar na Bagamoyo wamekisomesha kwa vizazi. Neno "nimekupa" peke yake halihamishi mali. Wamaliki wana rai nyingine: kwao ahadi ya hiba humfunga mtoaji hata kabla ya kukabidhi. Lakini wao pia hawaihesabu hiba kuwa imetimia mpaka imefika mkononi mwa mwenyewe.

Kinachovutia zaidi ni namna Shafi wanavyoeleza makabidhiano. Kitu kinachobebeka hukabidhiwa kwa kuhamishwa. Nyumba haibebeki, kwa hiyo hukabidhiwa kwa kuachiwa wazi: mpokeaji awezeshwe kuitumia apendavyo, na vyombo vya mwenye nyumba wa kwanza viwe vimetolewa. Nyumba iliyojaa mizigo ya mtu mwingine haijakabidhiwa, hata kama hati imesainiwa. Faili linaonekana kuwa la kundi la kwanza, maana linahama kwa kunakiliwa. Kwa kweli ni la kundi la pili. Kulihamisha hakutoshi. Mpaka liweze kufunguliwa na kutumiwa na yule aliyepewa, kwenye mashine aliyo nayo, hiba imebaki maneno.

Mfano wake mmoja ulijulikana na kila mwenye duka la steshenari. Mwaka 2007 Microsoft ilibadili umbo la mafaili ya Word, kutoka .doc kwenda .docx. Mwanafunzi aliyechapa ripoti yake kwenye kompyuta mpya ya chuo aliipeleka kwa flashi kwenye duka la Mwenge au Temeke ili itolewe kopi, akakuta duka lina toleo la 2003. Faili lipo, linaonekana, jina lake linasomeka, na halifunguki. Au linafunguka limejaa alama zisizo na maana. Kurudi chuoni ni nauli mbili za daladala. Dawa ilikuwa sekunde tano za kuhifadhi faili kwa umbo la zamani kabla ya kuondoka, na hizo sekunde tano ndizo adabu yenyewe.

Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huru, aliandika mwaka 2002 kuwataka watu waache kutuma viambatisho vya Word, kwa hoja kwamba kila kiambatisho cha aina hiyo humsukuma mpokeaji anunue programu ya kampuni moja. Miaka miwili baadaye, Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na wataalamu wa Sweden katika mradi wa Kilinux na kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure yenye menyu za Kiswahili, inayofungua mafaili ya .doc. Ilikuwa kazi ya heshima. Mitaani haikuenea ilivyostahili, na sababu haina fumbo: Word ya wizi nayo ilikuwa bure, na fundi wa Kariakoo aliiweka bila kuulizwa. Hoja ya Stallman ilimlenga mtu anayelazimika kununua. Temeke ilikuwa na watu ambao hawakununua programu yoyote.

Haki ya mpokeaji huonekana waziwazi kuliko kokote pale anapokuwa mtu asiyeona. Vitabu vingi vinavyozunguka kwa flashi, na sasa kwa simu, ni kurasa zilizopigwa skani na kufungwa pamoja kuwa PDF. Kwa mwenye macho ni kitabu. Kwa kompyuta ni albamu ya picha. Mwanafunzi asiyeona anayetumia NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyobuniwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili ambao wenyewe hawaoni, hufungua faili hilo akasikia jina lake na namba ya ukurasa, kisha kimya, au taarifa kwamba ukurasa ni mtupu. Sauti ya Kiswahili imo ndani ya programu, ya kimashine lakini inayoeleweka. Haina cha kusoma tu. Kitabu hichohicho kikichapwa upya kuwa maandishi kinasomeka chote, na uzito wake unashuka kutoka makumi ya megabaiti hadi chini ya moja. Hapo asiyeona na asiye na bando wanahudumiwa kwa tendo moja, jambo linalofaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba kumfikiria mlemavu ni mzigo wa ziada.

Sheria imesogea upande huo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya kupata habari. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Juni 2013 na kuanza kutumika Septemba 2016, unaruhusu kazi zenye hakimiliki zigeuzwe kuwa nukta nundu, sauti au maandishi ya kompyuta kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida, bila kumwomba ruhusa mwenye kazi. Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Lakini mkataba unaondoa kizuizi, hauchapi kitabu. Shule kama Uhuru Mchanganyiko ya Ilala, inayosomesha watoto wasioona pamoja na wenzao wanaoona, inahitaji mtu wa kukaa na kurasa na kuzigeuza. Ruhusa bila mtu huyo ni sawa na hiba ambayo haijashikwa.

Ukristo una njia yake ya kufika hapohapo. Katika sura ya 14 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, Paulo anawakabili waumini wanaojivunia kunena kwa lugha, na anasema kwamba kanisani yeye angeona bora aseme maneno machache yanayofahamika kuliko maelfu yasiyomfundisha mtu. Hamkatazi mtu kunena. Anataka awepo wa kufasiri. Kipimo chake ni msikilizaji, na mtu wa kawaida aliyeketi pembeni anahesabiwa. Vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, vya Dar es Salaam viliufuata mwenendo huo bila kusoma waraka: filamu ya Kihindi au ya Hong Kong ilipata mfasiri, na Lufufu, maarufu kuliko wengine, aliisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, akiongeza utani wake. Mtu anaweza kulalamika kwamba filamu ilibadilishwa. Watazamaji wa Manzese wangejibu kwamba kabla ya hapo hawakuwa wamepewa filamu, walionyeshwa picha zinazotembea.

Ila hapa pana kikwazo kikubwa. Hiba husihi tu ikiwa mtoaji ana mamlaka juu ya anachotoa, na sehemu kubwa ya mafaili yaliyozunguka Kinondoni na Temeke haikuwa ya walioyazungusha. Baada ya kaseti na CD za kuchoma vilikuja vibanda vya kuingiza nyimbo: kompyuta moja, spika mbili, kisoma kadi, na mteja anayejaziwa memori kadi yake ya simu kwa bei ya soda. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuwa imeshalikataza hilo na taasisi ya hakimiliki, COSOTA, ikapewa kulisimamia. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ikaongeza stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Stempu ilibandikwa kwenye kasha, na wimbo ulioingia kwenye simu haukuwa na kasha.

Muziki wa injili uliliweka jambo hili mahali pagumu. Kwaya ya Uinjilisti Kijitonyama, upande wa Kinondoni, na Kwaya ya Vijana ya AIC Chang'ombe, upande wa Temeke, zilisikika Afrika Mashariki nzima, na bila shaka nakala za kurudufu zilichangia usikivu huo. Mwenye kurudufu alikuwa na hoja ya kidini mkononi: katika sura ya 10 ya Mathayo, Yesu anawaagiza wanafunzi watoe bila malipo walichopokea bila malipo. Mwanakwaya naye alikuwa na yake, kutoka waraka wa kwanza kwa Timotheo, kwamba mfanyakazi anastahili malipo yake. Maandiko haya mawili hayagombani mtu akiyasoma vizuri. Agizo la Mathayo linamhusu aliyepokea neema na sasa anaitoa. Halimpi mtu wa tatu ruhusa ya kuwa mkarimu kwa jasho la mwingine. Studio, wapiga vyombo na nauli za wanakwaya vililipiwa. Ukarimu wa mwenye kibanda ulianza baada ya gharama hizo kumalizwa na wengine, na tena yeye alitoza.

Kwa Waislamu mjadala ulikuwa mrefu zaidi, kwa kuwa wapo wanachuoni walioona kuwa elimu ya dini haizuiliwi wala haiuzwi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait Desemba 1988, liliamua kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi ni mali inayotambuliwa na sharia, na kuzivamia hakuruhusiwi. Uamuzi huo haukufunga mlango wa kugawana. Uliurudisha ufunguo kwa mwenye kazi. Baadhi ya watoa mawaidha waliutumia ufunguo huo kwa kuufungua mlango kabisa, wakitangaza kwamba kila Mwislamu anaweza kunakili kanda zao mradi asibadilishe neno. Tangazo la namna hiyo linakaribia wakfu. Pwani inaijua wakfu ya maandishi: hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, ambazo sasa zimepigwa picha za kidijiti na kuwekwa wazi, zimo zilizoandikwa kwamba ni wakfu kwa wanafunzi. Na kitu cha wakfu hakiuzwi, hakitolewi hiba, hakirithiwi. Aliyeandika maneno hayo mbele ya kitabu alikuwa akimwambia kila atakayekishika baadaye nini anaweza na nini hawezi kukifanyia, kazi ambayo faili la maelezo lililowekwa kando ya programu za miaka ya 1990 lilikuja kuifanya tena.

Sharti la kutobadilisha lina pacha wake: kutofuta jina. Wataalamu wa hadithi hawakuipokea habari bila kuuliza imepita kwa nani, na faili lisilo na mnyororo wa namna hiyo ni yatima. Teknolojia yenyewe ilichangia uyatima huo. Lebo ya kwanza ya MP3, iliyobuniwa mwaka 1996, ilikuwa na baiti 128 tu mwishoni mwa faili, na kati ya hizo nafasi ya jina la msanii ilikuwa herufi 30. "Kwaya ya Uinjilisti Kijitonyama" ina 31 ukihesabu na nafasi kati ya maneno. Herufi ya mwisho inaanguka. Hasara hiyo ni ndogo na inachekesha kidogo. Hasara kubwa ni ya "Track 01" iliyotoka kwenye CD ya kuchoma, na ya siku hizi ambapo WhatsApp huita sauti kwa herufi AUD, tarehe na namba. Mawaidha ya saa nzima yanakatwa dakika mbili zenye kuudhi, yanapewa jina la namba, yanasambaa. Sheikh au mchungaji anayesikika humo hawezi kujitetea, maana hakuna anayejua ni wapi pa kutafuta dakika hamsini na nane zilizobaki. Kutunza jina, tarehe na ukamilifu wa faili ni amana, na katika mambo yote yanayojadiliwa hapa ndilo jepesi kulitimiza na linalopuuzwa zaidi.

Juu ya kumdhuru mpokeaji hakuna mengi ya kubishania. Flashi iliyopita kwenye kompyuta tano za kafe mara nyingi ilirudi na virusi: mafolda yamefichwa, mahali pake pamejaa vijia vya mkato vinavyozaliana. Anayejua kwamba flashi yake ni gonjwa na akaichomeka kwa mwenzake kimya kimya amemdhuru, hata kama alikuwa akimletea Kurani au Biblia. Fiqhi na maadili ya kawaida yanakubaliana hapa bila msaada wa mwanafalsafa.

Linabaki deni la mpokeaji. Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 juu ya zawadi, alionyesha kwamba katika jamii nyingi kupokea kunamfunga mtu kurudisha. Jumuiya za mwanzo za mafaili ziligeuza kifungo hicho kuwa hesabu: kwenye vituo vingi vya kompyuta vya miaka ya 1980 na 1990 vilivyofikiwa kwa kupiga simu, anayechukua mafaili alitakiwa kupandisha mengine kwa uwiano fulani, na mchukuaji mtupu aliitwa mnyonyaji. BitTorrent, njia ya kugawana mafaili iliyobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, iliifanya hesabu hiyo kuwa sehemu ya mashine. Kipimo hicho kinamdhulumu mtu wa Mbagala. Njia ya setilaiti ya kupandishia ilikuwa nyembamba na ghali kuliko ya kushushia, na aliyelipia nusu saa hawezi kuiacha kompyuta iwagawie wengine usiku kucha. Kwa kipimo cha baiti angehesabiwa kupe milele.

Kuna urudishaji mwingine ambao hauhitaji laini pana. Mradi wa Kamusi ulioanzishwa Yale mwaka 1994, miongoni mwa kazi za kwanza za pamoja za Kiswahili kwenye intaneti, uliishi kwa watumiaji waliorekebisha na kuongeza maneno. Ingizo moja la kamusi lina baiti mia chache, na linaweza kutumwa kutoka kafe yoyote kabla muda haujakwisha. Mwanafunzi wa Tandika aliyepokea PDF ya skani, akachapa sura mbili kuwa maandishi yanayosomeka na kompyuta, akaandika jina la mtunzi na mwaka mahali palipokuwa patupu, kisha akamrudishia aliyempa, ametuma kilobaiti chache. Faili alilorudisha linafunguka mahali ambapo lile alilopewa halikufunguka, na aliyempa sasa naye ana kitu cha kumpa mtu asiyeona.